Modi Ipi kwa Picha Ipi: Mwongozo Kamili wa Kupanga Mwanga kwenye Kamera

Kuna siku niliombwa kupiga picha za watoto wakikimbia mbio ndani ya ukumbi. Nilikuwa nimejifunza juzijuzi tu kwamba anayekimbia anataka kasi ya shata ya 1/1000, basi nikazungusha kigurudumu hadi S, modi ya kuchagua kasi hiyo mwenyewe, nikaweka 1/1000, ISO nikaiacha 400 kama ilivyokuwa, nikaanza kazi. Pembeni mwa skrini namba ya f ilikuwa inamemeta muda wote. Nikadhani betri inaisha. Nilirudi nyumbani na picha mia tatu nyeusi, utafikiri nimezipigia ndani ya gunia.

Ile namba haikuwa na uhusiano wowote na betri. Kamera ilikuwa inaniambia hivi: tundu la lenzi nimelifungua hadi mwisho, f/5.6, na mwanga bado hautoshi. Modi nilikuwa nimeichagua vizuri kabisa. Nilichokosa ni kujua kwamba ukiishikilia namba moja, zile nyingine mbili lazima ziachiwe nafasi ya kusogea.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema mpiga picha wa kweli hutumia M peke yake, yaani modi ya kuchagua kila kitu mwenyewe. Modi si cheo. Modi ni jibu la swali moja: katika picha hii, ni jambo gani sitaki kamera iniamulie?

Vitu vitatu vinavyogawana kazi

Tuwekane sawa kwanza, kwa ufupi, maana haya umeshayasikia.

Tundu la lenzi, ambalo wengi huliita apecha, hupimwa kwa namba za f: 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, 22. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga unaingia mwingi. Tundu hilohilo ndilo linaloamua ni sehemu gani ya picha itakuwa wazi na ipi itafifia.

Kasi ya shata ni muda ambao sensa, yaani kile kipande cha ndani kinachonasa picha, inapokea mwanga: 1/1000 ya sekunde, 1/500, 1/250, 1/125, 1/60, na kuendelea hadi sekunde nzima nzima. Hii ndiyo inayoamua kama mtu anayetembea ataganda au ataacha mkia wa ukungu.

ISO ni kiasi ambacho kamera inaikuza ishara iliyotoka kwenye sensa: 100, 200, 400, 800, 1600, 3200, 6400. Ukipanda, picha inang'aa zaidi, na chenga zinaanza kuonekana kwenye sehemu za giza.

Kila hatua moja kwenye orodha hizo huitwa stopu, nayo huongeza mwanga mara mbili au kuupunguza nusu. Hapo ndipo pana utamu wote. Ukipunguza stopu moja kwenye shata, unaweza kuirudisha kwenye tundu au ISO na picha ikabaki na mwangaza uleule. Zile picha zangu za ukumbini zilipungukiwa stopu 5 hivi, yaani mwanga mara 32. Ningeshusha shata hadi 1/500 nikapata stopu 1, nikapandisha ISO kutoka 400 hadi 6400 nikapata 4 nyingine. Zingetoka na chenga, lakini zingetoka.

Hatua ya 1: Tafuta kitakachoiharibu picha

Kabla hujagusa kigurudumu, mtazame unayempiga kisha ujiulize picha hii ikiharibika, itaharibikia wapi.

Kuna picha zinazoharibiwa na mwendo: mtoto anaruka, ndege anapaa, mkono wako mwenyewe unatetemeka kwenye mwanga hafifu. Kuna zinazoharibiwa na kina: watu wa mstari wa nyuma wamefifia, au takataka zilizo nyuma ya mtu zinaonekana vizuri kuliko uso wake. Nyingine huharibiwa na mwanga unaoidanganya kamera, kama mtu aliyesimama mbele ya dirisha, mwezi katika anga nyeusi, au mwimbaji aliyemulikwa na taa moja jukwaani huku kote kukiwa giza.

Kikiwa ni kina, unataka A. Kikiwa ni mwendo, unataka S. Mwanga ukiwa unaidanganya kamera, unataka fidia ya mwanga, yaani kuiambia kamera iongeze au ipunguze mwangaza, au M. Sehemu kubwa ya uamuzi imeshaisha hapo.

Hatua ya 2: Zungusha kigurudumu

A, ambayo kwenye Canon imeandikwa Av: wewe unachagua tundu, kamera inatafuta shata. Mimi hukaa hapa muda mwingi kuliko modi nyingine yoyote, kwa sababu picha nyingi ninazopiga ni za watu na vitu vilivyotulia. Hatari yake ni kwamba mwanga ukipungua, kamera inashusha shata kimyakimya hadi 1/30 au 1/15, na wewe unakuja kugundua nyumbani. Jizoeze kuitupia jicho namba ya shata kila unapohamia kwenye kivuli au kuingia ndani.

Kinyume chake pia kipo. Jua likiwa kali na umefungua f/1.8 kwa ISO 100, kamera inahitaji shata ya karibu 1/8000. Kamera nyingi huishia 1/4000. Namba ya shata itamemeta na picha itaungua. Hapo ama ufunge tundu kidogo, ama ufunge mbele ya lenzi kichujio cheusi cha kupunguza mwanga. Cha stopu 3 kinatosha kwa kawaida.

S, ambayo kwenye Canon ni Tv: wewe unachagua shata, kamera inatafuta tundu. Habari yake umeshaisoma hapo juu. Lenzi nyingi zinazouzwa pamoja na kamera, zile za 18-55mm, haziwezi kufunguka zaidi ya f/5.6 ukizivuta hadi mwisho, kwa hiyo S ndani ya nyumba huishiwa haraka. Ukiona f inamemeta, pandisha ISO au shusha shata. Usiendelee kupiga kama mimi.

P: kamera inachagua vyote viwili, tundu na shata, lakini inakuachia ISO, fidia na flashi. Ukizungusha gurudumu la kidole gumba, inakubadilishia jozi: kutoka f/5.6 na 1/250 hadi f/4 na 1/500, au f/8 na 1/125, mwangaza ukiwa uleule. P inadharauliwa bure. Unapotembea barabarani na hujui nini kitatokea kona ya mbele, ni modi ya heshima kabisa. Tofauti yake na AUTO ya kijani ni kwamba AUTO inakunyang'anya karibu kila kitu, hata uamuzi wa kuwasha flashi.

M: unachagua vyote. Tutairudia chini, maana ina mahali pake na mahali hapo si kila mahali.

Wenye Fujifilm nyingi hawana herufi hizi kabisa. Kwao gurudumu la shata na pete ya tundu kila moja ina alama ya A. Ukiweka shata kwenye A na kuzungusha pete ya tundu mwenyewe, hiyo ndiyo modi ya A. Ukifanya kinyume, ni S. Zote mbili zikiwa A, uko kwenye P. Kwa kweli ndiyo njia rahisi zaidi ya kuelewa mambo haya, kwa sababu unaona kwa macho ni kipi umekishika na kipi umekiachia.

Hatua ya 3: Ipe ISO mipaka, kisha iache

ISO ya otomatiki ilikuwa na sifa mbaya zamani. Siku hizi ni kosa kutoitumia, mradi uiwekee mipaka miwili kwenye menyu.

Wa kwanza ni kikomo cha juu. Kamera nyingi zenye sensa ya wastani huvumilia 3200 au 6400, na zenye sensa kubwa hupanda zaidi. Usimwamini mtu kuhusu hili. Piga picha ya chumba chako usiku kwa ISO 1600, 3200, 6400 na 12800, zitazame kwenye skrini kubwa, uamue mwenyewe ni wapi chenga zinaanza kukukera.

Wa pili ni shata ya chini kabisa. Hapa unaiambia kamera: tundu nimechagua mimi, shata chagua wewe, lakini usishuke chini ya 1/250 kabla hujapandisha ISO. Kwa mpangilio huo modi ya A inapoteza ile hatari yake niliyoitaja. Nikipiga picha za watu wanaotembea na kuongea, naweka 1/250. Watu waliokaa wametulia, 1/125.

Kama kitu chenyewe kimetulia kabisa na tatizo ni mkono wako tu, kanuni ya zamani inasema shata isiwe ya polepole kuliko 1 gawanya kwa urefu wa lenzi. Lenzi ya 50mm, 1/50. Lenzi ya 200mm, 1/200. Kwenye sensa ndogo zidisha urefu huo kwa 1.5 au 1.6 kwanza. Kamera na lenzi zenye kidhibiti cha mtikisiko zinakuruhusu kushuka stopu kadhaa chini ya hapo, lakini kumbuka kidhibiti hutuliza mkono wako tu. Hakimtulizi mtoto.

Na ukilazimika kuchagua kati ya chenga na mtikisiko, chagua chenga bila kusita. Chenga zinapunguzwa kwa programu. Uso uliotikisika hauponi.

Hatua ya 4: Isahihishe kamera inapodanganyika

Hapa ndipo penye tofauti kati ya anayejua na anayebahatisha, na ndipo ningependa utumie muda wako mwingi.

Kamera haijui inatazama nini. Inapopima mwanga inaanza na dhana kwamba vitu vyote vilivyo mbele yake, ukivichanganya pamoja, vinatoa rangi ya kijivu cha wastani. Kwa hiyo inajitahidi kufanya kila kitu kiwe kijivu. Ukipiga ukuta mweupe unaojaza fremu nzima, utatoka kijivu. Ukipiga koti jeusi, litatoka kijivu pia. Tangu Nikon FA ya 1983, iliyokuwa ya kwanza kuigawa fremu katika maeneo na kulipima kila moja peke yake, kamera zimekuwa na akili zaidi, na za leo hutambua nyuso. Lakini tabia ya msingi haijabadilika.

Dawa ni fidia ya mwanga: kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, au gurudumu lenye namba kutoka −3 hadi +3. Kanuni yake inakwenda kinyume na watu wanavyodhani. Kitu cheupe kikijaa kwenye fremu, unaongeza. Kitu cheusi kikijaa, unapunguza. Mchanga mweupe wa ufukweni au gauni la bibi harusi linalojaza picha hutaka +1 hadi +1.7. Mwanamume mwenye suti nyeusi mbele ya pazia jeusi hutaka −1 hivi, la sivyo suti inageuka majivu na uso unaungua.

Tuone mfano mmoja kwa namba. Mtu amekaa kando ya dirisha, dirisha liko nyuma yake. Uko kwenye A, f/2, ISO 400. Kamera inasoma mwanga wa dirishani na kukupa 1/500. Dirisha linatoka zuri sana, miti ya nje inaonekana, na uso wake ni kivuli. Weka +1.7. Kamera inashusha shata hadi 1/160, uso unafunguka, dirisha linakuwa jeupe. Umepoteza miti. Ni biashara niliyo tayari kuifanya kila siku, maana sikuja kupiga miti.

Ngozi nyeusi inastahili aya yake. Uso mweusi ukijaza fremu yote, kamera huuona kuwa giza na kuuangazia kupita kiasi. Paji la uso na mashavu vinang'aa kama vimepakwa unga, rangi yenyewe inapotea. Punguza −0.3 hadi −0.7. Lakini mtu huyohuyo akisimama mbele ya ukuta mweupe au anga la mchana, kamera inavutwa na ule weupe na uso unazama gizani. Hapo ongeza +0.7 au hata +1.3. Wengi wameambiwa tu kwamba ngozi nyeusi inataka mwanga zaidi, wakalishika hilo kama sheria. Kinachoamua si ngozi peke yake, ni ngozi pamoja na kilichoizunguka ndani ya fremu.

Kuna namna tatu za kupima ambazo karibu kila kamera inazo: fremu nzima, katikati zaidi, na nukta moja ndogo. Acha kwenye fremu nzima. Nukta itumie pale tu mwanga unapotofautiana sana, kwa mfano mwimbaji chini ya taa moja: elekeza nukta usoni, shika kitufe cha kufunga kipimo, kilichoandikwa AE-L au alama ya nyota, panga upya fremu yako, piga. Ukisahau nukta imewashwa, siku inayofuata kila picha itakuwa na mwangaza wake na hutajua kwa nini. Imenipata zaidi ya mara moja.

Hatua ya 5: Soma histogramu, usiamini skrini

Skrini ya kamera hudanganya. Gizani inaonekana inang'aa, juani inaonekana nyeusi. Histogramu haina tatizo hilo. Ni mchoro kama kilima: kushoto kuna giza, kulia kuna mwanga. Hakuna umbo sahihi. Picha ya usiku italundikana kushoto na hiyo ni sawa.

Unachotafuta ni kilima kilichogonga ukuta wa kulia na kukatika. Huko taarifa zimepotea, na kwenye JPEG hazirudi. Washa pia onyo la sehemu zilizoungua, zile zinazomemeta nyeusi na nyeupe. Kikimemeta kioo cha gari, puuza. Likimemeta paji la uso wa mtu au gauni lake, shusha fidia kwa 0.7 urudie.

Ukipiga kwa faili ghafi, RAW, una nafasi kidogo zaidi ya kurekebisha kuliko histogramu inavyoonyesha, kwa sababu histogramu unayoiona imechorwa kutokana na JPEG ndogo iliyo ndani. Usiifanye nafasi hiyo kuwa kisingizio.

Sasa tuingie kazini

*Mtu mmoja.* A, f/1.8 hadi f/2.8, ISO otomatiki, shata ya chini 1/125 au 1/200. Angalia kina. Kwenye sensa kubwa ya 36×24mm, lenzi ya 85mm kwa f/1.8, ukiwa mita 1.5 kutoka kwa mtu, sehemu iliyo wazi ina unene wa sentimita 3 tu. Jicho moja likiwa kali, la pili akigeuka kidogo limeshapotea. Mimi nikiwa karibu hivyo nafunga hadi f/2.8 au f/4, na mandhari ya nyuma bado yanafifia vya kutosha. Fokasi iwe kwenye jicho lililo karibu nawe.

*Kundi.* A, f/5.6 hadi f/8. Lenzi ya 50mm kwa mita 3 inakupa takriban sentimita 40 za ukali kwenye f/1.8, na zaidi ya mita 1 kwenye f/5.6. Mistari miwili ya watu haikai ndani ya sentimita 40. Lenga fokasi kwa mstari wa mbele, piga mara nne au tano, kwani daima kuna mmoja aliyefumba macho.

*Michezo, watoto, wanyama.* S, au M yenye ISO otomatiki. Anayetembea, 1/250. Mtoto anayecheza, 1/500. Anayekimbia, 1/1000. Ndege angani, 1/2000. Anayekujia usoni anavumilia kasi ndogo kuliko anayekatiza mbele yako kutoka kushoto kwenda kulia. Ukitaka mwendo uonekane, fanya kinyume: 1/30, mfuate mwendesha baiskeli kwa kamera ukizungusha kiuno, bonyeza huku ukiendelea kuzunguka. Kumi za kwanza zitaharibika, usikate tamaa.

*Mandhari.* A, f/8 au f/11, ISO 100, kamera juu ya tripodi kama ipo. Watu hukimbilia f/22 wakidhani ndiyo kali kuliko zote. Si kweli, tundu likiwa dogo sana mwanga unapinda unapopita kwenye kingo zake na picha nzima inalainika. Maji ya mto yakitakiwa yaonekane kama hariri, shata ya 1/4 hadi sekunde 2. Bonyeza kwa kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise kamera.

*Ndani, kwa taa za umeme.* Hapa kuna mtego usioandikwa kwenye vitabu vingi vya kamera. Taa nyingi za LED na za mirija humemeta bila jicho kuona. Umeme ukiwa wa mizunguko 50 kwa sekunde, taa humemeta mara 100. Ukipiga kwa 1/500, kila picha inaweza kutoka na mwangaza wake, moja ya manjano, nyingine nyeusi. Na ukitumia shata ya kielektroniki, ile isiyo na sauti, utaona mistari imelala kwenye picha nzima. Rudi kwenye shata ya kawaida na tumia 1/100 au 1/50. Mahali penye umeme wa mizunguko 60, tumia 1/120 au 1/60. Kamera nyingi mpya zina mpangilio wa kuzuia kumemeta kwa taa, uwashe.

*Flashi ndani.* M. Weka f/4, 1/125, ISO 800, flashi iwe kwenye TTL, yaani ijipimie yenyewe. Ukibaki kwenye A, kamera nyingine zitafuata mwanga hafifu wa chumba na kushusha shata hadi robo sekunde, upate mtu aliyeganda kwa flashi huku amezungukwa na kivuli chake mwenyewe. Shata ya polepole zaidi inaleta mwanga wa chumba, ya haraka inaufanya ukumbi kuwa mweusi nyuma ya watu. Usivuke kasi ya mwisho inayokubaliana na flashi, kwa kawaida 1/200 au 1/250, la sivyo sehemu ya picha itakatwa na kivuli cha shata. Juani ukitaka flashi ya kujaza vivuli vya usoni, ama ufunge tundu hadi f/11, ama uwashe modi ya flashi ya kasi, inayokula nguvu ya flashi vibaya sana.

*Mwezi.* Kila mtu amewahi kupata sahani nyeupe. Kamera inaona anga jeusi na kuhangaika kuliangazia. Lakini mwezi unamulikwa na jua lilelile linalotumulika sisi mchana, kwa hiyo ni kitu cha mchana kinachoning'inia usiku. M, f/11, ISO 100, 1/100. Ukipendelea f/8, basi 1/200. Madoa yake yote yatatokea.

*Nyota.* M, tundu wazi kadiri lenzi inavyoruhusu, ISO 3200, tripodi. Muda: gawanya 500 kwa urefu wa lenzi. Lenzi ya 24mm, sekunde 20 hivi. Kwenye sensa ndogo, zidisha urefu kwa 1.5 kwanza, unapata sekunde 14. Ukizidisha muda, nyota zinakuwa vistari. Sensa zenye pikseli nyingi zina ukali wa kuona hata vistari vidogo, kwa hizo anza na 300 badala ya 500.

*Fataki.* M, ISO 100, f/8, sekunde 2 hadi 4, tripodi. Basi.

M inapostahili

M inastahili hasa katika hali mbili: kamera isipoweza kupima vizuri, na mwanga usipobadilika. Hali hii ya pili ndiyo inayosahaulika. Mkiwa mahali pamoja penye mwanga uleule na watu wanapita mbele yako mmoja mmoja, huyu ana shati jeupe, yule jeusi, modi ya A itabadilisha mwangaza kwa kila shati. Kwenye M unapima mara moja, unajaribu picha mbili, kisha unasahau habari ya mwanga na kushughulika na nyuso. Kazi ya baadaye kwenye kompyuta inapungua nusu.

Njia ya kuanzia M juani haihitaji hata kipimo: f/16, na shata iwe 1 gawanya kwa ISO. ISO 100, 1/100. Ukitaka f/8 badala ya f/16 umefungua stopu 2, basi shata inakuwa 1/400. Kanuni hii ni ya enzi za filamu na bado ninaitumia kuhakikisha kwamba kamera haijapotoka.

Kuna pia M yenye ISO otomatiki: umeshika tundu na shata, kamera inacheza na ISO. Kwa michezo ndiyo bora kuliko S, maana hakuna tundu la kuishiwa. Kwenye kamera nyingi za sasa gurudumu la fidia linafanya kazi humo pia, kwa hiyo shati jeupe bado unaweza kulisahihisha. Ningeijua siku ile ya mbio za watoto, ningeweka f/5.6 na 1/500, ISO ingepanda yenyewe hadi pale ukumbi ulipotaka.

Kabla hujairudisha kwenye mkoba

Rudisha kamera mahali pa kuanzia: A, f/5.6, ISO otomatiki, fidia sifuri, kipimo cha fremu nzima, shata ya kawaida. Inachukua sekunde kumi. Safari ijayo huenda ukaitoa kwa haraka kwa sababu kuna jambo linatokea mbele yako, na hutapata muda wa kugundua kwamba bado iko sekunde 20, ISO 3200, kama ulivyoiacha usiku wa nyota.